Kuweka viendelezi vya Tiny Core kwenye kompyuta yenye RAM ndogo

Swali la kwanza huja hivi: "Jana niliweka programu, leo nimewasha kompyuta hamna hata moja." La pili: "Diski yangu ni ya GB 40 na haina kitu, mbona mashine inasema nafasi imekwisha?" La tatu: "Nikifungua programu ya pili kila kitu kinaganda." Nimeyajibu mno kwa simu na kwa WhatsApp, na kila mara jibu huanzia pahala pale pale, kwa hiyo leo nayaandika.

Mwongozo huu ni wa mwenye kompyuta kongwe: ile Pentium 4 iliyobaki kwenye ofisi ya skuli, au laptopu ndogo ya Atom iliyonunuliwa soko la Darajani, Unguja, kwa bei ya kutupa, yenye RAM ya MB 256 mpaka GB 1. Windows ya sasa haiingii humo. Nimechagua Tiny Core Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa sababu mfumo wenyewe ni mdogo mno, na kila kitu kingine huongezwa kwa faili moja moja ziitwazo viendelezi, zenye mwisho wa .tcz. Ukiviweka kwa mpango, mashine inafanya kazi. Ukivirundika, utarudi kwenye maswali matatu ya hapo juu.

Nadharia ni hii tu, kisha tufanye kazi. Tiny Core ikiwaka, mfumo hukaa ndani ya RAM, na diski huwa ni ghala. Kiendelezi kilicholala ghalani hakili RAM hata kidogo. Huanza kula pale kinapopakiwa. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta programu ndogo ndogo. Amua ipi ipakiwe mashine inapowaka, ipi isubiri mpaka iitwe, na ipi isiwepo kabisa.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Kompyuta yenyewe. Waundaji wa Tiny Core wanasema MB 46 za RAM ndiyo chini kabisa, na wanapendekeza MB 128 pamoja na swapu (nafasi ya akiba inayosaidia RAM ikijaa). Mimi naongeza: kama unataka brauza ya aina yoyote, chini ya MB 256 usijisumbue.
- Flashi ya GB 1 au zaidi ambayo haina kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa yote.
- Kompyuta nyengine iliyo nzima, ya kuandalia flashi. Kwenye Windows tumia Rufus, programu ya kuandikia faili ya mfumo kwenye flashi.
- Faili ya CorePlus kutoka tinycorelinux.net. Zipo tatu: Core (karibu MB 17, maandishi matupu), TinyCore (karibu MB 23, ina madirisha) na CorePlus (karibu MB 250). Usiingie tamaa ya ile ya MB 17 kwa kuokoa bando. CorePlus ndiyo yenye kisakinishi na vifaa vya waifai, na ukishamaliza kusakinisha, kinachobaki kwenye diski ni kile ulichokichagua tu.
- Waya wa mtandao, kama upo. Waifai ya mashine kongwe ina mambo yake, nitaigusa mbele.
- Nakala ya kila kitu kilichomo kwenye diski hiyo.

Kama kompyuta imekaa stoo muda mrefu, ifungue kwanza. Huku kwetu hewa ina chumvi, na meno ya RAM hushika kutu nyepesi isiyoonekana vizuri. Toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, rudisha. Tazama pia betri ya duara kwenye bodi, CR2032. Mara nyingi imekufa, na saa ikirudi mwaka 2003 brauza itakataa kufungua tovuti nyingi.

HATUA KWA HATUA

1. Ijue mashine yako.

Washa kwa flashi. Dell na Lenovo nyingi hutoa orodha ya kuwashia kwa F12, HP nyingi kwa F9. Madirisha yakishatokea, fungua dirisha la amri na uandike:

    free -m
    uname -m
    sudo fdisk -l

Ya kwanza inakuonesha RAM kwa MB. Ya pili ikijibu i686, uko kwenye mfumo wa biti 32, na hapo ndipo mashine za RAM ndogo zinapostahili kukaa hata kama prosesa inaweza biti 64. Ya tatu inaorodhesha diski. Iangalie kwa makini: ukiwasha kwa flashi, flashi inaweza kuwa sda na diski ya ndani ikawa sdb, au kinyume chake. Itambue kwa ukubwa wake. Ukikosea hapa utafuta kitu kisichofaa kufutwa, na hakuna fundi wa kukirudisha.

2. Sakinisha kwenye diski kwa njia ya Frugal.

Fungua kisakinishi kilichomo kwenye CorePlus, chagua Frugal (mfumo unabaki faili chache diskini na kupakiwa kwenye RAM), chagua Whole Disk kama diski nzima ni ya kazi hii, ruhusu kipakiaji (kinachowasha mfumo kutoka diskini) kiwekwe, na umbo la diski liwe ext4. Kitakapokuuliza aina ya usakinishaji, chagua ile yenye madirisha. Kama utatumia waifai, weka alama kwenye msaada wa waifai hapo hapo. Ipo pia njia iitwayo Scatter, ambayo inatawanya mfumo diskini kama Linux za kawaida. Kwa shughuli yetu iache.

Ikimaliza, zima, chomoa flashi, washa. Kuanzia sasa diski ya ndani itakuwa sda na patisheni yake (sehemu ya diski) sda1. Kwako ikiwa na jina jengine, badilisha katika amri zote zinazofuata.

3. Hakikisha ghala liko diskini.

Hapa ndipo wanapopotelea walio wengi. Andika:

    ls -l /etc/sysconfig/tcedir

Mshale ukielekea /mnt/sda1/tce, vyema, endelea. Ukielekea /tmp/tce, simama. Maana yake kila kiendelezi utakachopakua kitahifadhiwa ndani ya RAM, kitakula nafasi yake, na umeme ukikatika kimekwenda. Andika tce-setdrive, chagua patisheni ya diski, washa upya, kisha angalia tena. Usiendelee na hatua ya nne mpaka mshale umekaa sawa.

4. Zitoe nyaraka zako kwenye RAM.

Folda ya /home/tc, ambamo brauza hutupia vitu ulivyopakua, nayo iko ndani ya RAM usipoihamisha. Mtihani wa zamani wa PDF, picha za harusi, sauti za darsa, vyote vinakula kumbukumbu. Ndiyo maana ya "diski haina kitu lakini nafasi imekwisha". Fanya hivi mapema, kabla hujaweka chochote humo:

    sudo vi /mnt/sda1/tce/boot/extlinux/extlinux.conf

Tafuta mstari unaoanza na APPEND. Peleka kishale mwisho wa mstari, bonyeza A kubwa, acha nafasi moja, andika:

    home=sda1 tz=EAT-3

Bonyeza Esc, andika :wq kisha Enter. Vyote viwe kwenye mstari ule ule mmoja, usianze mpya. Hiyo tz=EAT-3 ni saa yetu ya Afrika Mashariki; alama ya kutoa inachanganya watu, lakini ndivyo inavyoandikwa, usiigeuze kuwa ya kujumlisha.

Washa upya. Kisha fungua /opt/.filetool.lst (nukta ya mbele ni sehemu ya jina). Ukiona mstari uliosema home, ufute, kwa sababu nyaraka tayari ziko diskini na hakuna haja ya kuzifungasha kila unapozima. Mstari wa opt uache.

5. Tengeneza swapu.

Tiny Core yenyewe huunda swapu ya kubana ndani ya RAM. Utaiona kwa amri cat /proc/swaps, ikiitwa zram0. Inasaidia, lakini kwenye MB 256 au 512 haitoshi. Ongeza faili ya swapu diskini:

    sudo dd if=/dev/zero of=/mnt/sda1/swapu bs=1M count=512
    sudo chmod 600 /mnt/sda1/swapu
    sudo mkswap /mnt/sda1/swapu
    sudo swapon /mnt/sda1/swapu

Amri ya kwanza inachukua muda kwenye diski kongwe na haioneshi kitu chochote. Iache ifanye kazi yake. Kisha ili swapu irudi kila mashine ikiwaka:

    echo "swapon /mnt/sda1/swapu" | sudo tee -a /opt/bootlocal.sh

Usiisahau hiyo -a. Bila yake utafuta yote yaliyokuwamo kwenye faili na kubaki na mstari wako mmoja.

Onyo: kama mfumo wako uko kwenye flashi badala ya diski, usiweke swapu humo. Swapu inaandika na kufuta bila kupumzika, na flashi za bei rahisi hazina umri huo.

6. Unga mtandao.

Kwa waya, mara nyingi huna la kufanya. Chomeka na inajiunga. Kwa waifai, andika sudo wifi.sh, chagua jina la mtandao, weka neno la siri. Isipoona mtandao wowote, nenda kwenye sehemu ya matatizo.

Ukifungua Apps, programu ya Tiny Core ya kutafutia na kupakulia viendelezi, kwa mara ya kwanza itakuuliza kama itafute seva iliyo karibu yenye kasi. Kubali. Anwani iliyochaguliwa hukaa kwenye /opt/tcemirror, ikikusumbua siku moja utajua pa kuitafuta.

7. Pima kabla hujapakua.

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa RAM na bando kwa pamoja. Kiendelezi hakiji peke yake, kinavuta wenzake kinaowategemea. Faili ya KB 300 inaweza kukuletea msafara wa MB 60. Kwenye Apps, tafuta jina, likamate, kisha ufungue vichupo vya Info, Depends na Size. Size ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu inahesabu na msafara wake.

Ukiwa kwenye dirisha la amri, tumia:

    tce-ab

Bonyeza S kutafuta, andika jina, chagua namba, kisha Z uone ukubwa na T uone mti mzima wa wanaotegemewa. Q kutoka.

Kisha jiulize kama programu mbili zinavuta msafara mmoja. GTK na Qt ni maktaba za kuchorea madirisha ya programu. Ukishakuwa na programu moja inayotumia GTK, ya pili inayotumia GTK ile ile huongeza kidogo tu. Lakini ukichukua moja ya GTK, moja ya Qt na moja ya kitu kingine, umebeba misafara mitatu. Chagua ukoo mmoja ubaki nao. Kwa kuandika barua na hesabu za duka, AbiWord na Gnumeric ni ndugu na zinatosha.

Viendelezi vyenye majina yanayoishia -dev, -doc na -locale viache, isipokuwa unajua unavihitajia nini. Kila faili iliyomo ndani ya kiendelezi kilichopakiwa hutengenezewa kiungo kwenye RAM; kimoja si kitu, lakini vinapofika maelfu vinaonekana.

8. Pakua kwa njia unayoikusudia.

Katika Apps kuna kitufe cha chini chenye chaguo kadhaa, na watu hubonyeza cha kwanza bila ya kusoma. Kwenye dirisha la amri ni hivi:

    tce-load -w dillo      (pakua tu, usipakie)
    tce-load -wi dillo     (pakua, pakia, na kila ikiwaka ipakiwe)
    tce-load -wo dillo     (pakua, usubiri mpaka uitwe)
    tce-load -wil dillo    (pakua na pakia kwa leo tu)

Dillo ni brauza nyepesi, nimeitolea mfano. Usiweke sudo mbele ya tce-load. Itakukatalia, na kukataa kwake ni haki. Herufi kubwa na ndogo zinahesabika: Xlibs si xlibs.

Kama mtandao ni wa kukatika katika, anza na -w kwa kila kitu, kisha ndiyo upakie.

9. Panga kinachopakiwa mashine inapowaka.

Orodha iko kwenye /etc/sysconfig/tcedir/onboot.lst. Ni faili ya maandishi tu, jina moja kila mstari. Isome:

    cat /etc/sysconfig/tcedir/onboot.lst

Mwalimu mmoja wa upande wa Wete, Pemba, aliniletea kompyuta ya MB 512 akilalamika kwamba inachukua muda wa kupika chai mpaka iwake, na ikiwaka haiendi. Orodha yake ilianza vizuri na Xlibs, Xprogs, Xvesa, aterm, flwm_topside na wbar, ambavyo ndivyo vinavyoleta madirisha. Baada ya hapo kulikuwa na michezo, programu mbili za kuchezea video, brauza tatu, na compiletc, ambayo ni mzigo mzima wa zana za watengenezaji programu. Kila kimoja aliwahi kukijaribu siku moja, akakipakua kwa -wi, na tokea siku hiyo kinapakiwa kila asubuhi. Hatukufuta hata kimoja. Tulihamisha karibu vyote kuwa vya kuitwa, tukaacha sita vya mwanzo na programu yake ya kuandikia, basi. Ile ile mashine ikawa ya kuingia nayo darasani.

Kanuni ninayoifuata ni hii. Vinavyopakiwa mwanzo ni vile ambavyo mashine haifai bila yake: madirisha, draiva ya waifai, kibodi kama si ya kawaida, na programu moja unayoifungua kila siku. Vyengine vyote viwe OnDemand, yaani vya kuitwa. Vitaonekana kwenye menyu kama kawaida, na utakapobonyeza ndipo vitapakiwa. Ya kwanza kwa siku itachelewa kidogo. Vumilia.

Kuhamisha: fungua Apps, nenda Maintenance, chagua OnBoot, toa jina kwenye orodha ya kuwakia. Kisha kwenye sehemu ya OnDemand liongeze. Usiguse vile sita vya madirisha. Ukivigusa, mashine itawaka kwenye maandishi meupe juu ya weusi, nawe utapata shughuli ya kuvirudisha kwa mkono.

Jambo jengine ambalo wengi hawalijui: kiendelezi kikishapakiwa hakishuki. Kufunga dirisha la programu kunarudisha RAM iliyokuwa ikitumiwa na programu inayoendeshwa, lakini kiendelezi chenyewe kinabaki kimepachikwa mpaka uwashe upya. Kwa hiyo mashine ya MB 256 uliyoitumia kutwa nzima kwa mambo mbali mbali, kabla ya kazi nzito iwashe upya. Kwa Tiny Core ni sekunde chache.

Na ukiona mahali panapokushauri kuunda faili iitwayo copy2fs.flg ili mashine iwe na kasi, ushauri huo si wa kwako. Faili hiyo inaamuru viendelezi vyote vinakiliwe ndani ya RAM badala ya kusomwa kutoka diskini. Mwenye GB 8 atafurahi. Wewe utakwama.

10. Hifadhi.

    filetool.sh -b

Viendelezi vyenyewe vinaandikwa diskini saa ile ile unapovipakua, hivyo umeme ukikatika havipotei. Kinachopotea ni mipangilio: mstari wa swapu uliouongeza na mabadiliko mengine ya /opt. Ukizima kwa utaratibu kupitia Exit na alama ya Backup iko, inahifadhi yenyewe. Lakini kompyuta ya mezani isiyo na betri, kwenye mtaa ambao umeme unaondoka bila ya kuaga, usingoje kuzima. Kila ukibadilisha kitu cha maana, andika amri hiyo.

11. Peleka kwenye mashine isiyo na mtandao.

Kwa skuli na madrasa zenye kompyuta kadhaa, usipakue mara kadhaa. Pakua kwenye moja, Chake Chake au mjini Unguja penye mtandao mzuri, kisha chukua flashi:

    mount /mnt/sdb1
    cp /etc/sysconfig/tcedir/optional/* /mnt/sdb1/
    sync
    sudo umount /mnt/sdb1

Beba zote tatu kwa kila programu: .tcz, .dep na .md5.txt. Watu hunakili .tcz peke yake kwa sababu zile nyengine zinaonekana ndogo hazina maana. Faili ya .dep ndiyo inayomwambia mfumo msafara ni nani na nani. Ukiiacha, programu inapakiwa kimya kimya, kisha haifunguki, na umeshavuka bahari.

Kwenye mashine ya pili nakili zote ndani ya /etc/sysconfig/tcedir/optional, kisha:

    tce-load -i abiword

Ukitaka ipakiwe kila ikiwaka, ongeza abiword.tcz kwenye onboot.lst ya mashine hiyo. Sharti moja: mashine zote ziwe na toleo moja la Tiny Core na aina moja, biti 32 kwa biti 32. Amri ya version itakuambia toleo, uname -m itakuambia aina. Viendelezi vya draiva vina sharti kali zaidi. Jina la kila kimoja limebeba toleo la kerneli (kiini cha mfumo) ndani yake, na lisipolingana na jibu la uname -r hakifanyi kazi. Ukipakua kwa mtandao andika tu neno KERNEL kwenye nafasi hiyo, mfano wireless-KERNEL, na mfumo utajaza wenyewe.

IKIKATAA

Programu zimepotea baada ya kuzima. Rudi hatua ya 3. Ikiwa mshale uko sawa, basi faili ziko kwenye optional lakini majina hayamo kwenye onboot.lst wala OnDemand. Huenda ulitumia -w au -wil.

"No space left on device." Andika df -h. Ukiona mstari wa / umejaa huku /mnt/sda1 ina nafasi tele, RAM ndiyo iliyojaa. Tazama /home/tc na /tmp. Vitu vikubwa vihamishie /mnt/sda1, kisha ufanye hatua ya 4.

Mashine inaganda ikifungua programu ya pili. Andika free -m na cat /proc/swaps kabla haijaganda. Swapu ya diskini isipokuwamo, mstari wa bootlocal.sh haukuhifadhiwa, rudia hatua ya 5 na ya 10. Usitishwe na safu ya buff/cache ikiwa kubwa, hiyo mfumo huiachia panapohitajika. Inayokuhusu ni available.

Upakuaji unasema md5 (alama ya kukagulia kama faili ni nzima) haikubaliani. Faili imekatika njiani, pengine bando liliisha. Ingia kwenye optional, futa faili hiyo pamoja na .md5.txt yake, pakua tena. Kukagua mwenyewe:

    cd /etc/sysconfig/tcedir/optional
    md5sum -c dillo.tcz.md5.txt

Inasema kiendelezi hakipo. Angalia herufi kubwa na ndogo kwanza. Kisha ujue kwamba kila toleo la Tiny Core lina ghala lake kwenye seva. Kitu kilichokuwapo toleo la zamani si lazima kiwe kimehamishiwa jipya. Tafuta kwa tce-ab, usitegemee majina uliyoyasoma kwenye maelekezo ya miaka mingi nyuma.

Waifai haioni mtandao. Kadi nyingi zinataka kiendelezi cha ziada kinachoanza na jina firmware-. Andika dmesg | grep -i firmware usome jina la kadi inayolalamika, kisha utafute linalofanana nalo. Utahitaji waya, au flashi na hatua ya 11. Kabla ya yote hayo, hakikisha ile swichi ndogo ya waifai ubavuni mwa laptopu haijazimwa; ukicheka, basi hujawahi kukaa kwenye meza ya fundi.

Brauza inasema tovuti si salama, kila tovuti. Saa. Andika date. Mwaka ukiwa si wa leo, ingia BIOS (mipangilio ya bodi kabla mfumo haujawaka) urekebishe, na ununue betri.

Umeondoa kitu kwenye onboot.lst na madirisha hayaji tena. Utakuwa kwenye maandishi. Andika ls /etc/sysconfig/tcedir/optional uone majina, kisha urudishe moja moja:

    echo Xvesa.tcz >> /etc/sysconfig/tcedir/onboot.lst

Alama ni mbili, >>. Ukiweka moja umefuta orodha nzima. Ukimaliza, sudo reboot.

Unataka kufuta kiendelezi moja kwa moja. Apps, Maintenance, kisha sehemu ya Dependencies. Kiwekee alama ya kufutwa, washa upya. Usikifute kwa rm wakati kimepakiwa, na usikifute kwa kudhani hakitumiki. Sehemu hiyo ya Apps inakuonesha nani anakitegemea.

YouTube na Facebook hazifunguki vizuri. Na hazitafunguka. Kurasa hizo peke yake zinataka RAM kuliko mashine yako yote, na Mozilla ilitangaza mwaka 2025 kwamba Firefox 144 ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32. Video na mitandao ziache kwenye simu. Mashine hii ya kuandikia, kupigia hesabu, kusomea PDF na kufundishia watoto kibodi. Ikiwa bodi yake inakubali RAM zaidi, kipande cha RAM cha DDR2 cha GB 1 kwa mafundi wa Darajani kitakusaidia kuliko kiendelezi chochote, ila chukua kile cha zamani mkononi ukalinganishe meno yake kabla hujalipa.